Kukodi, Kununua, na Kukodi Tena: Wauzaji wa Kompyuta Mbele ya Soko Linalobadilika

Mwanafunzi wa shule ya sekondari anapoanza kusoma habari za kompyuta hufundishwa sehemu zake na kazi ya kila sehemu: chipu inayofanya hesabu, kumbukumbu inayohifadhi, na programu inayoamuru. Hayo ni mambo ya lazima. Lakini ni nadra mwanafunzi huyo kuelezwa jinsi mashine hizo na programu zake zinavyouzwa, ni nani auzaye, na kwa masharti gani, kana kwamba biashara hiyo ni jambo la makarani wa ununuzi tu wala haihusu sayansi. Dhana hiyo si sahihi. Kompyuta inayotumiwa na benki, hospitali, wizara au chuo hainunuliwi kama mkulima anunuavyo jembe, akalilipia na kwenda zake. Mnunuzi huingia katika uhusiano na mwuzaji utakaodumu miaka kumi, ishirini au zaidi, na mara nyingi hali ya uhusiano huo ndiyo inayoamua ni teknolojia ipi itaenea na ni ipi itakufa.

Watu wengi huamini kuwa katika soko hili mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Yaani, kampuni yenye uvumbuzi bora hushinda, na iliyolala usingizi hushindwa. Historia haiungi mkono imani hiyo. Tangu siku za mashine za kadi hadi leo mahitaji ya mashirika makubwa yamebadilika mara nyingi, na kila yalipobadilika wauzaji walijibu hasa kwa kubadili mambo mawili: kile ambacho mteja hutozwa fedha kwa ajili yake, na mahali lilipofungwa kufuli linalomzuia asiende kwa mwingine. Uvumbuzi ulikuwapo, tena mkubwa. Lakini aghalabu ulingojeshwa nje ya mlango mpaka mambo hayo mawili yaamuliwe kwanza.

KADI ZA KARATASI

Kabla ya kompyuta kuwapo, hesabu za serikali, za reli na za kampuni za bima zilifanywa kwa mashine zilizosoma kadi za karatasi zilizotobolewa matundu. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa kinara wa kazi hiyo. Haikuuza mashine zake, bali ilizikodisha tu, na mkataba ulimlazimisha mkodi kutumia kadi za IBM peke yake. Ni kama mtu akodishaye kandili kwa sharti kwamba mafuta ya taa yanunuliwe dukani kwake tu. Mwaka 1936 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa sharti hilo la kadi lilikuwa kinyume cha sheria za ushindani. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1956, IBM ilikubaliana na serikali ya nchi hiyo kwamba mteja atakaye kununua mashine auziwe, asilazimishwe kukodi.

Mashine zile zilikuwa kazi ya wahandisi stadi, lakini sehemu nzuri ya faida ilitoka katika vipande vya karatasi. Huo ndio mfano wa kwanza wa jambo litakaloonekana tena na tena: fedha haziko lazima pale ambapo macho ya mtazamaji yanavutwa.

KUFULI LAHAMIA KATIKA KAZI YA MTEJA

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta za IBM zilikuwa za jamii mbalimbali zisizoelewana. Mteja aliyeanza na mashine ndogo, kazi yake ikakua hata akahitaji kubwa zaidi, alilazimika kuziandika upya programu zake. Wakati huo wa kuandika upya ulikuwa wa hatari kwa IBM, kwa maana mteja ambaye hana budi kuanza tena hana sababu ya kutotazama maduka mengine. Kampuni ya Honeywell iliiona nafasi hiyo. Desemba 1963 ilitangaza mashine iitwayo Honeywell 200, pamoja na programu maalumu iliyowezesha kazi zilizoandikwa kwa ajili ya mashine ya IBM 1401 zifanyike katika mashine ya Honeywell. Programu hiyo iliitwa Liberator, maana yake Mkombozi. Wala jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati nasibu.

Jibu la IBM lilitoka tarehe 7 Aprili 1964, nalo liliitwa System/360. Ilikuwa ni familia nzima ya kompyuta, kutoka ndogo hadi kubwa, zote zikitii amri zile zile. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine ndogo iliweza kufanya kazi katika mashine kubwa bila ya kuandikwa upya. Gharama ya mradi huo hutajwa kuwa kama dola bilioni 5 za wakati ule, na ili kuutekeleza IBM ilikubali kuziua kwa mkono wake mashine zake yenyewe zilizokuwa bado zinauzwa vizuri. Ni kampuni chache zilizothubutu kufanya hivyo kabla yake au baada yake.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo. Faida aliyoipata mteja wa System/360 ilikuwa ya kweli. Jasho la waandishi wake wa programu halikupotea tena kila aliponunua mashine mpya. Na hata leo, zaidi ya nusu karne baadaye, programu za wakati ule zinaweza kufanya kazi katika kompyuta kubwa za IBM za sasa. Benki iliyoandika utaratibu wa kukokotoa riba mwaka 1968 haikulazimika kuuandika tena. Lakini faida hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa kamba. Kadiri mteja alivyoandika programu nyingi, alivyofunza makarani wengi, na alivyojaza kumbukumbu nyingi, ndivyo ilivyokuwa ghali zaidi kwake kuondoka. Kufuli halikuwa tena katika karatasi. Lilikuwa katika kazi ya mteja mwenyewe. Hakuna mahakama iwezayo kuliamuru lifunguliwe, kwa kuwa aliyelifunga ni yeye, tena kwa hiari yake na kwa manufaa yake. Wale wasemao kuwa wauzaji huwatega wateja wao, na wale wasemao kuwa huwahudumia, wanabishana juu ya kitu kimoja.

Hata hivyo kufuli hilo lilikuwa na upenyo. Gene Amdahl, aliyekuwa mbunifu mkuu wa System/360, aliondoka IBM mwaka 1970 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, na mwaka 1975 alianza kupeleka kwa wateja mashine iliyotii amri zile zile za IBM. Sasa mteja aliweza kubadili chuma bila ya kubadili programu. IBM ilijibu kwa bei na kwa maneno. Amdahl ndiye anayetajwa kuwa aliieneza katika biashara ya kompyuta ile kauli ya hofu, wasiwasi na mashaka, akimaanisha ile desturi ya mwuzaji mkubwa kumnong'oneza mteja kwamba hakuna atakayemwokoa siku mashine ya mgeni itakapoharibika.

Jambo jingine lilitukia katika miaka hiyo, ambalo matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko alivyotazamia ye yote. Hadi mwisho wa miaka ya 1960 programu hazikuwa na bei. Zilitolewa pamoja na mashine, kama kamba itolewavyo pamoja na ng'ombe. Januari 1969 serikali ya Marekani iliishtaki IBM kwa kuhodhi soko, na mnamo Juni mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba itatoza bei ya programu zake mbali na bei ya mashine. Kesi yenyewe iliburutwa hadi mwaka 1982, ikafutwa. Lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa: kitu kilichokuwa bure kilipata bei, na kitu chenye bei huweza kuuzwa na mwingine. Mwaka 1972 watu watano waliotoka IBM huko Ujerumani walianzisha kampuni ambayo leo hujulikana kwa jina la SAP, na ambayo programu zake za mahesabu na ghala zinatumiwa na mashirika makubwa ulimwenguni kote.

Kisa cha kanzidata ni cha kufundisha zaidi. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko California, alichapisha nadharia ya kupanga kumbukumbu katika majedwali yanayohusiana. Nadharia hiyo ndiyo msingi wa kanzidata nyingi zinazotumika hadi leo. Lakini IBM ilikuwa tayari na bidhaa nyingine ya kumbukumbu, iitwayo IMS, iliyokuwa ikiuzwa vizuri. Larry Ellison na wenzake, walioanzisha kampuni yao mwaka 1977, waliisoma kazi ya Codd kama awezavyo kuisoma mtu ye yote, wakauza kanzidata yao ya Oracle mwaka 1979. IBM ilitoa ya kwake mwaka 1981. Mwenye ng'ombe alikawia kukama, jirani akanywa maziwa.

KAMPUNI ILIYOKUWA NA KILA KITU

Mtu anayetaka kuelewa kwa nini elimu peke yake haiokoi kampuni na aitazame Digital Equipment Corporation, au DEC. Ilianzishwa mwaka 1957 katika kiwanda cha zamani cha sufi mjini Maynard, Massachusetts, chini ya uongozi wa Ken Olsen. Mwaka 1965 ilitoa kompyuta iitwayo PDP-8 kwa bei ya dola 18,000, wakati ambapo kompyuta kubwa ziligharimu mamia ya maelfu au mamilioni. Idara ya chuo kikuu au maabara ambayo isingeota ndoto ya kuwa na kompyuta yake sasa iliweza kuinunua. Kwa mashine hizo za kadiri, na hasa zile za aina ya VAX zilizoanza kutolewa mwaka 1977, DEC ilikua hadi ikawa ya pili baada ya IBM, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 120,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Yaani ilipanda kwa kuuza kitu kidogo na cha bei nafuu kwa watu waliodharauliwa na wakubwa. Kampuni gani ingepaswa kuitambua kompyuta ya mezani kuliko hiyo?

Nayo iliitambua. Mwaka 1982 DEC ilitoa kompyuta za mezani, si moja bali za aina tatu, zisizopatana zenyewe kwa zenyewe, wala kupatana kikamilifu na ile ya IBM iliyokuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Kila idara ndani ya kampuni ilikuwa na ya kwake. Hakuna hata moja iliyofanikiwa.

Sababu haikuwa ujinga wa wahandisi. Mwaka 1992 DEC ilitoa chipu ya Alpha, iliyokuwa miongoni mwa zile za kasi kabisa duniani. Na mwaka 1995 watafiti wake walifungua AltaVista, mojawapo ya mitambo ya kwanza iliyoweza kutafuta maneno katika kurasa nyingi za intaneti kwa haraka. Kisu kilikuwa kikali mpaka siku ya mwisho. Sababu inaweza kuelezwa kwa hesabu ya darasani. Tuseme wakala wa mauzo hupewa asilimia 2 ya bei ya kila mashine. Akiuza kompyuta ya dola 300,000 hupata dola 6,000. Akiuza ya dola 3,000 hupata dola 60. Ili asipunguze chakula cha watoto wake ni lazima auze mashine ndogo mia moja mahali pa kubwa moja, kwa wateja mia moja, kwa safari mia moja. Wakala huyo, akiwa mtu mwenye akili timamu, atamshauri mteja anunue kubwa. Meneja wake atafanya vivyo hivyo, na mkurugenzi aliye juu ya meneja naye atatazama hesabu hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja anayekosea kwa upande wake, na kampuni nzima inazama.

Olsen aliondoka mwaka 1992. Mwaka 1998 DEC ilinunuliwa kwa dola bilioni 9.6 na Compaq, kampuni iliyozaliwa mwaka 1982 kwa kuiga kompyuta ya mezani ya IBM. Wang Laboratories, jirani yao wa Massachusetts aliyetajirika kwa mashine za kuchapia barua za ofisi, ilikuwa imekwisha omba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 1992.

IBM nayo haikupona kwa werevu wake. Ili kutoa kompyuta yake ya mezani upesi, Agosti 1981, ilinunua chipu kutoka Intel na mfumo endeshi kutoka Microsoft, na kuwaachia wote wawili uhuru wa kuwauzia wengine. Walioiga wakafurika. Mwaka 1987 IBM ilijaribu kulirudisha kufuli: kompyuta zake mpya za PS/2 zilikuwa na njia mpya ya kuunganisha sehemu za ndani, ambayo mwigaji angepaswa kuilipia leseni. Mwaka uliofuata kampuni tisa zikiongozwa na Compaq ziliungana zikatangaza njia yao nyingine, ambayo iliendelea kuzipokea kadi za zamani za wateja. Tofauti na System/360 iko wazi. Lile kufuli la mwaka 1964 lilimpa mteja kitu kikubwa mkononi. Hili la mwaka 1987 lilimtaka atupe alichokuwa nacho. Wateja hawakulikubali.

Mwaka 1993 IBM ilipata hasara ya kama dola bilioni 8, na mipango ilikuwapo ya kuigawa vipande. Lou Gerstner, aliyetoka katika kampuni ya biskuti na sigara, aliisimamisha mipango hiyo. Aliona kuwa mashirika yalikuwa yamechoka kuunganisha mashine za huyu na programu za yule, na kwamba kazi ya kuunganisha yenyewe ilikuwa bidhaa. Kampuni ikaanza kuuza utumishi wa wataalamu kuliko chuma. Kompyuta za mezani ziliuzwa kwa Lenovo ya China mwaka 2005. Na mwaka 2021 sehemu kubwa ya utumishi huo wenyewe ilitengwa ikawa kampuni nyingine, Kyndryl, baada ya IBM kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34 mwaka 2019. Dawa ya juzi ikawa mzigo wa jana.

KUKODI TENA

Mwaka 2006 Amazon, kampuni iliyokuwa ikijulikana kwa kuuza vitabu kwa njia ya intaneti, ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu, na miezi michache baadaye ikaanza kukodisha kompyuta kwa saa, ya chini kabisa ikigharimu senti 10 za Marekani kwa saa moja. Jambo hilo liliitwa wingu, jina zuri lakini la kupotosha, kwa kuwa mashine zenyewe ziko ndani ya majengo yenye kuta, walinzi na bili kubwa za umeme. Yule mteja ambaye mwaka 1956 alipewa haki ya kununua sasa alialikwa kukodi tena, naye alikubali kwa furaha. Si vigumu kuelewa kwa nini. Kampuni changa haikuhitaji tena mtaji wa kununua seva. Shule haikuhitaji chumba chenye kiyoyozi wala fundi wa kukilinda. Na programu zilirekebishwa na mwenyewe huko huko zilikokuwa. Anayesema kuwa ukodishaji huu ni hila tupu hajawahi kukaa na seva iliyokufa wiki ya mitihani.

Wauzaji wa zamani waliokuwa wakiishi kwa kuuza leseni mara moja waliingia katika mtihani ule ule wa DEC, na safari hii wengi wao walifaulu. Hesabu yake ni rahisi, na mwalimu anaweza kuitumia darasani. Tuseme programu iliuzwa kwa shilingi 900,000, na sasa inakodishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza mwuzaji atapata shilingi 360,000 mahali pa 900,000. Mapato yataanguka, wenye hisa watapiga kelele. Lakini mwezi wa 30 hesabu zinalingana, na kufikia mwisho wa mwaka wa tano mteja amelipa shilingi 1,800,000, mara mbili ya bei ya zamani, na bado hamiliki cho chote. Ili kuvuka bonde hilo la miaka miwili na nusu mwuzaji anahitaji uvumilivu, na uhakika kwamba mteja hatakimbia kabla ya kufika ng'ambo.

Adobe, watengenezaji wa programu za kuchora na kutengeneza picha, walilivuka bonde hilo hadharani. Mwaka 2013 walitangaza kuwa hawatatoa tena matoleo mapya ya programu zao kuu kwa kuuzwa moja kwa moja. Mapato yao yalishuka kutoka dola bilioni 4.4 mwaka 2012 hadi kama bilioni 4.1 mwaka 2013. Kufikia mwaka 2015 yalikuwa yamefika bilioni 4.8, na mwaka 2023 yalizidi bilioni 19. Microsoft, ambayo huduma yake ya wingu ilianza kuuzwa mwaka 2010, ilikwenda njia hiyo kwa hatua za polepole zaidi, na haijaacha kabisa kuuza leseni za zamani.

Mfano mkali kuliko yote ni wa hivi karibuni. VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998, hutengeneza programu inayoifanya seva moja ijigawe na kufanya kazi kama seva nyingi. Mashirika mengi ulimwenguni yalijenga vituo vyao vya data juu ya programu hiyo. Novemba 2023 ilinunuliwa na Broadcom, na mwezi uliofuata mwenye mali mpya alitangaza mwisho wa kuuza leseni za kudumu. Kuanzia hapo ni kulipa kwa kipindi tu, tena kwa mafungu ya bidhaa yaliyopangwa na mwuzaji. Hapakuwa na uvumbuzi wo wote katika tangazo hilo. Programu ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita. Kampuni kubwa ya simu ya AT&T ilikwenda mahakamani mwaka 2024 kudai haki za mkataba wake wa zamani, na baadaye pande hizo mbili zikapatana. Ikiwa AT&T, yenye jeshi la mawakili, ililazimika kufika mahakamani, ofisi ndogo yenye seva nne ingefanya nini? Kuhamia kwa mwingine kunawezekana, lakini kwa shirika lenye maelfu ya seva ni kazi ya miaka, na mwuzaji alikuwa amekwisha ipiga hesabu hiyo kabla ya mteja.

UPANDE WA MNUNUZI

Nchi za Afrika Mashariki zimekuwa katika soko hili kama wanunuzi, na mnunuzi naye huweza kujibu. Mwaka 1974, baada ya jitihada za kuziingiza hesabu za serikali katika kompyuta kuvurugika na kuleta hasara, Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Lilikuwa jibu la kufunga mlango. Liliokoa fedha za kigeni, jambo lisilo dogo kwa miaka ile. Lakini mtu asiyeingia dukani hajifunzi kupatana bei, na marufuku yalipolegezwa katika miaka ya 1980 wataalamu wa kuisoma mikataba walikuwa wachache kuliko waliohitajika.

Jibu la namna nyingine lilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2004 wataalamu wa chuo hicho, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili, zisizotozwa ada ya leseni, ambazo mtu ye yote aliruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ilitayarisha Windows na Office kwa Kiswahili. Si lazima kudai kuwa jambo moja lilizaa jingine. Yatosha kutambua kwamba msemaji wa Kiswahili alikuwa, kwa muda, mteja mwenye maduka mawili ya kwenda, na kwamba la pili lilijengwa na watu wa chuo chake mwenyewe. Kwa bahati mbaya kazi ya namna hiyo hutegemea fedha za miradi, nazo fedha za miradi zina tarehe ya mwisho. Leseni za kampuni kubwa hazina.

Nyaya za baharini zilipofika katika pwani ya Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, wingu nalo lilifika. Tangu hapo swali la kufuli si la mabenki tu. Shule inayoweka alama za wanafunzi wake, orodha ya karo na majina ya wazazi katika programu ya kulipia kwa mwezi imeingia katika biashara ile ile iliyosimuliwa hapa. Mwalimu mkuu huulizia bei, na huulizia kama programu ni rahisi kutumia. Mara chache huuliza alama za miaka mitano zitatoka kwa sura gani siku shule itakapoacha kulipa: kama zitatoka katika majedwali ambayo programu nyingine yaweza kuyasoma, au katika picha za kuchapisha tu, zitatoka baada ya siku ngapi, na ni nani atalipia kazi hiyo. Swali hilo huwezi kulijibu kwa kuitazama mashine. Jibu lake limo katika mkataba, aghalabu katika kurasa za mwisho, na jaribio lake halihitaji maabara: kabla ya kutia saini, mwalimu aingize majina ya wanafunzi kumi, kisha aombe arudishiwe.

Kwa miaka mingi kampuni kubwa za wingu zilipokea kumbukumbu za mteja bila ya malipo na kumtoza alipozitoa. Mwaka 2024 Google, kisha Amazon na Microsoft, zilitangaza kuwa mteja anayeondoka kabisa hatatozwa tena ada hiyo. Tangazo hilo halikutokana na huruma. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha pitisha sheria ya data, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, na ambayo inaamuru kwamba kuanzia tarehe 12 Januari 2027 mteja asitozwe ada yo yote ya kuhama. Sheria hiyo inawalinda wateja walio katika nchi za Umoja huo. Mkataba unaotiwa saini Dodoma, Kampala au Nairobi haumo ndani yake.